Duka la vifaa vya keki Mwanjelwa: yule mama aliniuliza swali moja tu

Wapika keki wenzangu wa Mbeya, hasa mnaopikia nyumbani, kuna duka moja la vifaa vya keki pale Mwanjelwa nataka niwaambie habari zake, nimenunua pale karibu mwaka mzima kwaiyo naweza kulisemea. Ni kachumba kadogo tu nyuma ya soko, bango halina, ukifika uliza wauza masufuria watakuonyesha.

Kilichonipeleka ni keki ya kipaimara ya mtoto wa dada yangu. Mi nimehamia huku nikitokea Dar na kipimo changu cha keki ya nusu kilo nimekitumia miaka, unga nusu, siagi robo, sukari robo, mayai nane, beking pauda vijiko vinne vya chai, hakijawahi kuniangusha hata siku moja. Sasa siku iyo nikanunua beking pauda ya kwenye kimfuko, zile zinazofungwa fundo, duka la karibu na nyumbani (hilo silitaji), nikapika, keki ikagoma kabisa kuvimba, ukiikata ndani imeshikana kama matofali. Nikasema sawa, nikaenda kununua kopo jipya lenye lakiri, nikapika tena kwa kipimo kile kile, safari hii ikapanda mpaka nikafurahi, ikavuka ukingo wa trei kabisa, afu nachungulia baadae kidogo katikati imetumbukia kama bakuli. Mayai kumi na sita yameenda, siagi nusu kilo imeenda, na kipaimara ni Jumapili.

Asubuhi nikapanda daladala mpaka Mwanjelwa nimekata tamaa. Nikamwamkia yule mama, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu, nikamwambia naomba beking pauda nzuri maana za huku zote naona mbovu. Hakugusa kopo wala hakuuliza nataka ya shilingi ngapi. Akaniuliza, "Keki ilivimba ikaanguka, au haikuvimba kabisa?" Nikamwambia ya kwanza haikuvimba, ya pili ilivimba ikaanguka. Akasema, "Basi hayo magonjwa mawili hayo mwanangu, usiyatibu kwa dawa moja."

Yani mi nilikuwa nimeshayachanganya kichwani yote ni pauda mbovu tu.

Akachukua chupa ya chai akamimina maji ya moto kwenye glasi mbili. Moja akaweka kijiko cha pauda yake, palepale ikafura povu zito likapanda mpaka karibu na mdomo wa glasi na inatoa sauti ile ya soda ukiifungua. Ya pili tukaweka ile yangu ya kimfuko, nilikuwa nayo kwenye pochi, ikatoa vipovu vichache pembeni afu ikatulia chini nyeupe kama chokaa. Basi. Akanieleza kwamba beking pauda ni beking soda imechanganywa na asidi kavu pamoja na wanga wa kuifanya isishike unyevu, sasa ikikaa kwenye kimfuko chepesi msimu wa mvua unyevu unaingia, zinaanza kufanya kazi humo humo dukani, hewa inatoka kidogo kidogo, ikifika kwenye bakuli lako haina kitu tena. Na ukitaka kupima beking soda yenyewe usitumie maji, tumia siki au limao, maana soda peke yake inahitaji uchachu ndo ifure.

Ile keki ya pili sasa, tatizo lilikuwa ni huku kwetu juu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwaiyo ile gesi ya pauda inatanuka zaidi, keki inapanda haraka haraka kabla unga na mayai havijaiva vikashika, ikikosa cha kuibeba inaanguka katikati. Hata maji huku yanachemka nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndo maana maharage yanatuchosha. Akaniambia vijiko vinne fanya vitatu, sukari punguza vijiko viwili vya chakula maana sukari nyingi inaichelewesha keki kushika, maziwa ongeza kama vijiko vitatu vya chakula kwa sababu huku keki inakauka upesi, na moto ongeza kidogo, mi nilikuwa naoka 170 nikapandisha 180. Nikafanya vile vile alivosema. Keki ya Jumapili ilitoka na mgongo ulionyooka, nikaipaka krimu bila kukata hata kipande cha juu, dada akanikumbatia palepale jikoni.

Sasa duka lenyewe. Kinachonifanya nirudi ni kwamba beking pauda yake ya kupima ipo kwenye kopo la kubana na juu ya mfuniko kaandika kwa makapeni tarehe aliyolifungua, unaiona kwa macho yako. Anapima kwa mizani ya gramu mbele yako. Bei iko juu kidogo kuliko vile vimfuko, tofauti kama mia tano, lakini piga hesabu ya mayai nane uone ipi ni ghali. Hiyo mizani pia imenifundisha mambo ya mayai, nilipeleka ya kienyeji tukapima, moja gramu 40, la kisasa likaja 58, kwaiyo kipimo kikisema mayai nane na wewe una ya kienyeji madogo ongeza matatu au manne. Hamira anaihifadhi kwenye friji, na anakwambia uijaribu kwanza na maji ya vuguvugu na sukari, dakika kumi isipofura usiiingize kwenye unga.

Kokoa anazo mbili na hapa ndo nina lawama. Ipo ya asili, rangi ya kahawia ya kawaida na ina uchachu kidogo, na ipo nyeusi iliyotolewa uchachu kiwandani. Zote kaziweka kwenye mifuko myeupe bila lebo yoyote! Huwezi kuziuza hivo mama yangu. Ile ya asili inaenda vizuri na beking soda kwa sababu ya ule uchachu wake, nyeusi inataka beking pauda, ukiweka soda tupu kwenye nyeusi bila mtindi wala kitu chochote chenye uchachu, keki inabaki na ladha ya sabuni na kuvimba haivimbi vizuri. Nilimwambia, akakubali ataandika, mpaka wiki iliyopita alikuwa hajaandika, kwaiyo ulizeni kabla hamjalipa. Na sisi tunaokaa mkoa mmoja na Kyela kunakolimwa kokoa kweli tunatakiwa tuijue kokoa yetu.

Vanila yake ya maji siipendi, harufu kali ikiwa mbichi, ikishaokwa inapotea yote. Trei anazouza ni nyembamba, keki inaungua chini, hasa ukioka kwa mkaa. Hizo nunueni kwingine.

Jambo lingine, miezi ya Juni na Julai na baridi hii siagi inakuwa jiwe, unapiga na sukari mkono unauma na hailainiki. Yeye ndo alinambia niweke bakuli juu ya sufuria ya maji ya vuguvugu, ya vuguvugu tu sio ya moto, dakika tano ndo nianze kupiga. Hakuniuzia kitu siku iyo, nilikuwa nimepita kusalimia.

Jumapili hafungui. Jumamosi kuna foleni na ikifika saa nane mchana pauda ya kupima mara nyingi imeisha, nendeni asubuhi, na mkienda mwambieni keki yenu ilifanyaje, msiseme tu imeharibika.