Barafu ya mabonge njia ya Kibirizi: tazama weupe kabla ya unene

Nauza samaki wa Ziwa Tanganyika, migebuka na kuhe. Napokea mwaloni Kibirizi, Kigoma, alfajiri, napanga kwenye madeli, basi linabeba hadi Tabora kwa wifi yangu. Barafu ndiyo inayoamua kama nimepata au nimekula hasara. Tangu mwezi wa pili nanunua kwa kijana mwenye mtambo mdogo njia ya Kibirizi, na wenzangu wanaohangaika na barafu nawaambia waende.

Siku ya kwanza nilisimamisha bonge lake juu ya gunia, jua likiwa nyuma yake. Binti yangu akaweka kiganja upande wa pili, nikavihesabu vidole vyake vyote vitano. Weupe ulikuwa mstari mmoja tu katikati, mwembamba kama utambi wa koroboi. Kwenye mzani wangu likasoma kilo 24.

Nilikokuwa nanunua zamani bonge lilikuwa nene vilevile, ila jeupe tupu kama sima. Ule weupe ni hewa. Maji huganda kuanzia pembeni na kuisukuma hewa katikati. Ukiyagandisha kwa pupa inanasa humohumo. Bonge la hivyo hata kabla ya Uvinza limeshapasuka vipande kwa mitikisiko, na vipande vidogo huisha upesi. Mara mbili wifi alifungua deli akakuta maji ya uvuguvugu, mashavu ya samaki yamepauka, matumbo yamepasuka. Kijana huyu anaingiza mpira mwembamba ndani ya kopo, unapuliza hewa, maji hayatulii mpaka yameganda, na mapovu yanapanda yanatoka.

Kuitazama barafu namna hii nilifundishwa na mteja, rubani wa ndege ndogo zinazopeleka watalii hifadhi ya Mahale, aliyewahi kufanya kazi kaskazini mwa Kanada. Alinikuta nagonga bonge kwa kidole.

“Mama, usipime unene tu. Kule sisi tulikuwa tunatua juu yake.”

“Mwanangu, ndege itue juu ya barafu?”

Akakaa kwenye deli akanieleza. Huko Yellowknife, kando ya Great Slave Lake, ziwa huganda na ndege huvishwa skii, yaani mbao ndefu za kutelezea. Wanatoboa kwa keekee, wanapima kwa rula. Sentimita unazidisha kwa zenyewe, kisha mara 4, unapata kilo ambazo barafu angavu kama kioo inabeba. Sentimita 20 ni kilo 1,600. Ndege ndogo ya Cessna 206 iliyojaa inafika kama 1,630, basi hapo hatui mtu. Sentimita 30 ni kilo 3,600. Lakini barafu nyeupe, ile ya theluji iliyolowa ikaganda, huhesabiwa nusu ya unene wake. Karibu na mlango wa mto wanapaogopa, maana mkondo unaila kwa chini. Na ndege haiachwi kwenye barafu iliyotosha kutua tu. Ikikaa saa nyingi barafu inabonyea polepole, kwa hiyo maegesho yanataka unene zaidi. Kama ziwa halijatobolewa na mtu, rubani anagusisha skii huku injini inavuta, ananyanyuka, anazunguka kutazama alama alizoacha. Zikiwa nyeusi kwa maji, anakwenda zake.

Nilimsikiliza huku ziwa letu likiwa mbele yangu, ambalo mwaka mzima halijawahi kunipa hata maji ya kunigandisha vidole. Toka siku hiyo sinunui bonge bila kulisimamisha juani.

Bei ni shilingi 6,000, elfu moja zaidi ya kule kwingine. Nalipa kwa moyo mmoja, kwa sababu barafu kilo moja ikiyeyuka inanyonya joto la kutosha kupasha kilo ya maji toka sifuri hadi nyuzi 80, na joto hilo nataka litoke kwa samaki wangu taratibu, njia nzima.

Kasoro anazo. Umeme ukikatika usiku hatoi taarifa. Unafika na bodaboda unakuta makopo bado maji. Namwomba apige simu. Tena hana msumeno, anapasua kwa nyundo na nusu inamwagika chini, kwa hiyo chukua bonge zima ukaponde mwenyewe. Giza la mwezi, mitumbwi inapotoka kwa wingi, fika kabla ya saa kumi na moja alfajiri, maana saa kumi na mbili mabonge yameisha. Nenda na gunia na maranda ya kufunikia.