Huduma ya parasailingi ufukweni: tulichokiona kwenye kamba

Mwezi wa nane familia yangu ilitoka Goma, ikapitia Kigali hadi Mombasa kupumzika, na binti yangu aliomba zawadi moja tu: parasailingi, yaani kufungwa kwenye mwavuli mkubwa na kuvutwa na boti hadi aelee juu ya bahari. Tuliwaendea watoa huduma wa ufukweni ambao sitawataja, tukalipa dola 50 kwa kila mtu.

Walitupokea kwa heshima, na jile za kuelea majini tulizovishwa zilikuwa nzima na zilitukaa vizuri. Sisi wa Ziwa Kivu, tuliozika ndugu zetu waliozama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, huangalia jile kwanza. Hata hivyo, jile humsaidia mtu akishafika majini. Angani anashikiliwa na kamba, kwa hiyo niliomba kuiona. Mita chache za mwisho, pale inapofungiwa mwavuli, nyuzi zilikuwa zimesimama kama manyoya, zimekakamaa kwa chumvi, na fundo lilikuwa limekazwa juu ya sehemu ileile iliyolika. Fundo lenyewe hupunguza nguvu ya kamba, jua na chumvi huidhoofisha zaidi, ndiyo maana waendeshaji makini huikata ncha hiyo mara kwa mara na kufunga upya. Nahodha alinijibu, “Mzee, kamba hii haijawahi kukatika.”

Nilipomuuliza kuhusu upepo, alitazama minazi. Kipima upepo hakuwa nacho. Jimbo la Florida nchini Marekani, baada ya watu kufa katika mchezo huu, liliweka mwaka 2014 sheria inayokataza kurusha watu upepo ukizidi kasi ya kilomita 32 kwa saa. Sababu yake naielewa: kamba ikikatika penye upepo mkali, mwavuli haushuki, bali hubaki umejaa na kumburuta aliyefungwa juu ya maji au kumbamiza kwenye majengo, naye hawezi kujifungua kwa sababu mikanda imevutika kwa nguvu.

Binti yangu alilia nilipomshusha botini, na hilo liliniuma. Tulirudishiwa nusu ya fedha. Simshauri mtu yeyote wa Goma aitumie huduma hiyo mpaka kamba ibadilishwe na kipima upepo kinunuliwe. Anayekwenda kwingine aombe kuiona ncha ya kamba kabla ya kulipa. Sisi tulilipa kwanza.