Kupandisha ISO au kushusha shata, usiku wa Mikindani

Wana Mtwara mnaniulizaga sana picha za usiku upandishe ISO (namba ya kamera kukuza signali ya mwanga) au upunguze spidi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga), haya sikieni. Shata ikitoka 1/60 ya sekunde ikaenda 1/15, sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha, inapokea mwanga mara 4, mwanga wa kweli, ndo maana picha inatoka safi. ISO kutoka 800 mpaka 3200 nayo inang'arisha mara 4 ila mwanga wenyewe haujaongezeka hata chembe, kamera imekuza tu ile signali kidogo iliyopata, na chenga, vile vidoadoa vya kwenye picha, nazo zinakuzwa humohumo.

Madau yaliyolala mchangani Mikindani maji yakipwa, hapo shata tu, tripodi (stendi ya miguu mitatu), ISO 100, sekunde 8, unywe na kahawa yako.

Ila ngoma ya sindimba sasa! Juzi harusini nilijifanya mjanja nikapiga 1/15 na ISO 400, viuno vyote vikawa moshi, bi harusi hana uso, mama yake ananiangalia tu. Nikaenda 1/250 na ISO 6400, mng'ao wa picha uleule, chenga kama mchanga wa pwani lakini sura zinaonekana. Mi chenga navumilia, hata programu ya kuhariri picha inazipunguza, uso uliovutika huutengenezi.