Tathmini: Majarida Madogo ya Mtandaoni ya Hadithi Fupi za Uhalifu, kwa Mwandishi Aliyeko Kampala

Waandishi wengi wa hapa Kampala huyahesabu majarida madogo ya mtandaoni yanayochapisha hadithi fupi za uhalifu kuwa huduma ya bure, kwa sababu mengi hayatozi ada ya kupokea mswada na msomaji naye halipi kitu. Hesabu hiyo ina pengo. Mwandishi hulipa kwa haki ya kuchapishwa kwa mara ya kwanza, na kila hadithi ina haki hiyo moja tu. Ukishampa mhariri ambaye jarida lake halisomwi, huwezi kumpa mwingine, kwa kuwa karibu majarida yote ya Kiingereza huihesabu hadithi iliyowahi kuonekana hadharani kwenye intaneti, hata kwenye ukurasa wako mwenyewe, kuwa imekwisha kuchapishwa. Ndiyo maana tathmini hii inaipima huduma kwa swali moja: ukishaitoa haki hiyo, unarudishiwa nini?

Majarida ninayoyazungumzia zaidi ni ya Marekani, ambako uwanja huu ni mpana kuliko kwingine. Shotgun Honey, lililoanza mwaka 2011, lilijijengea jina kwa hadithi zisizozidi maneno 700. Tough huchapisha hadithi ndefu zaidi pamoja na tahakiki. Thuglit lilianza mwaka 2005 na likafungwa mwaka 2016, na wapo waandishi wanaolitaja mpaka leo kama mahali walipojifunzia kazi. Haya si ya daraja moja na Ellery Queen's Mystery Magazine, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1941, huuzwa, na hulipa kwa kila neno. Majarida madogo huendeshwa na watu wenye ajira nyingine, wanaosoma miswada usiku baada ya kazi, na malipo yao, yakiwepo, ni kiasi kidogo cha mkupuo. Asiyelielewa hilo tangu mwanzo atavunjika moyo bila sababu.

Ukomo wa maneno 700 unastahili kusemwa zaidi, maana ndani yake mna faida ambayo tangazo la jarida halikuelezi. Kwa urefu huo hakuna nafasi ya mpelelezi, wala ya orodha ya washukiwa, wala ya ufumbuzi unaoelezwa sebuleni mbele ya watu wote. Hubaki kosa lenyewe, aliyelitenda, na muda mfupi kabla au baada. Sisi tuliofundishwa kuandika kwa insha za shule tuna mazoea ya kuanza na hali ya hewa, kijiji, na wazazi wa mhusika, na ndipo tukio lifike mwishoni mwa ukurasa wa pili. Mswada wa namna hiyo unapopunguzwa kutoka maneno 2,000 hadi 700, mwandishi hulazimika kuamua ni nani hasa anatenda na kwa nini leo si jana. Naamini mazoezi hayo peke yake yanatosha kuwa sababu ya kuyajaribu majarida haya, hata kabla ya jibu lolote kufika.

Lakini kinachotofautisha jarida zuri na baya ni uhariri, na hapa nitakaa kwa muda. Mhariri mmoja alipokea hadithi yangu iliyotokea Katwe, kuhusu fundi wa pikipiki aliyenunua injini ya wizi bila kuuliza imetoka wapi. Katika hadithi hiyo jirani anaukuta mwili asubuhi na anakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Kwa msomaji wa Uganda hatua hiyo haihitaji maelezo. Mhariri hakuniambia niiondoe, wala hakutaka nimpeleke jirani moja kwa moja kituoni kama wanavyofanya wahusika wa miji yake. Aliuliza tu mwenyekiti ana uwezo gani, na anapoteza nini akiamua kuandika barua au kukataa kuiandika. Kutokana na swali hilo nilipata onyesho jipya, mwenyekiti akiwa ameketi mbele ya duka lake na muhuri mkononi, akijua kwamba fundi ni mpangaji wake. Leo onyesho hilo ndilo wasomaji wanalolikumbuka.

Mhariri huyohuyo aliuliza kuhusu saa 48. Katiba yetu, katika ibara ya 23, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita tangu akamatwe. Kwake hiyo ilikuwa saa ya kuhesabia hofu ya polisi, ilhali kwa msomaji wa Kampala ni saa ambayo familia ya mshukiwa huihesabu nje ya kituo, ikiogopa kwamba itapita na hakuna atakayejali. Tulibishana kwa barua pepe kwa heshima, na hatimaye hadithi nzima ikajengwa juu ya kungoja huko. Ndiyo huduma ninayoisifu: mgeni anayeuliza swali la kweli kuhusu jambo ambalo wenyeji wamelizoea. Fomu ya polisi nambari 3 anayopewa aliyejeruhiwa ili daktari aijaze, dhamana ya polisi ambayo kisheria ni bure, chumba cha maiti cha jiji pale Mulago, maabara ya serikali pale Wandegeya, ofisi za upelelezi za Kibuli: vyote hivi ni mali ya mwandishi wa Uganda, na mhariri mwema humsaidia kuona kipi kinabeba hadithi na kipi ni pambo.

Kinyume chake nimekiona pia. Jarida moja lilinijibu kwa sentensi ya furaha na tarehe ya kutoka, kisha hadithi ikatoka na makosa yote ya chapa niliyokuwa nayo, pamoja na jina la Wandegeya lililoharibiwa na mtu aliyedhani analisahihisha. Sikuonyeshwa nakala ya mwisho. Haki ya kwanza ilikwenda, na kilichorudi ni kiungo tu. Njia ya kulitambua jarida la namna hiyo mapema ni kusoma hadithi tatu au nne za zamani kwenye kumbukumbu zake. Kama kila moja inaishia kwa mshangao uleule wa aya ya mwisho, kama makosa ya tahajia yameachwa, kama majina ya wahariri hayaonekani popote, basi hakuna anayehariri. Mwandishi asiye na mtu wa kumsomea kabla ya kutuma ana mahali pa kwenda hapa mjini: FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoko Kamwokya, kimejulikana kwa miaka mingi kwa klabu yake ya Jumatatu ambamo watu husomeana kazi na kuambiana ukweli.

Kuhusu mkataba, majarida mengi madogo hutuma ukurasa mmoja tu, na mengine huandika masharti katika barua pepe ya kukubali mswada. Usome kwa makini hata ukiwa mfupi. Mkataba mzuri huomba haki ya kwanza ya kielektroniki kwa Kiingereza, muda mfupi wa upekee usiozidi mwaka, ambao hadithi haiwezi kutoka kwingine, na ruhusa isiyo ya kipekee ya kuiacha hadithi kwenye kumbukumbu, na husema wazi kwamba haki nyingine zote zinabaki kwako. Mkataba unaodai haki zote, au haki katika lugha zote, ukataliwe kwa adabu. Wahariri wa kweli hukubali kufuta kifungu kama hicho, na asiyekubali amekuonyesha thamani anayoiona katika kazi yako.

Kipo kifungu kingine ambacho sisi tuna sababu ya kukiogopa kuliko Mmarekani, nacho ni kile ambacho mwandishi huahidi kwamba hadithi haimkashifu mtu aliye hai na kwamba yeye ndiye atakayebeba gharama iwapo madai yatatokea. Hadithi nyingi za uhalifu huanza na habari ya gazetini. Nchini kwetu ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, na maandishi yaliyoko mtandaoni husomwa na kila mtu hata kama jarida liko ng'ambo. Badilisha jina, badilisha mtaa, badilisha biashara ya mhusika, na ubakishe tu lile shinikizo lililomfanya atende.

Fedha nitazipitia haraka kwa sababu ni chache. Malipo huja kwa dola. Jarida la Marekani linaweza kukutaka ujaze fomu ya kodi ya W-8BEN inayoonyesha kwamba wewe si mkazi wa huko, na kiasi kikiwa kidogo ada za benki hukila kabla hakijakufikia. Sijakutana na jarida linalotuma pesa kwa simu moja kwa moja, na huo ni upungufu mkubwa kwa huduma inayodai kuwakaribisha waandishi wa dunia nzima. Wapo wanaotoza ada ya kusoma mswada. Dola 3 ni takriban shilingi 11,000, nazo ni mlo wa siku kadhaa kwa mwanafunzi wa Makerere ambaye tayari ananunua bando lenye kodi ya asilimia 12 iliyowekwa mwaka 2021. Kwa hadithi za uhalifu hakuna ulazima wa kulipa, kwani milango isiyotoza ada ni mingi.

Kungoja jibu ndiko kunakowachosha wengi, na hapo ipo zana ninayoipendekeza bila kusita. The Submission Grinder, iliyoanzishwa mwaka 2013, ni orodha ya bure ya majarida ambamo waandishi wenyewe huandika walituma lini na walijibiwa lini. Duotrope, iliyo kongwe kidogo, inafanya kazi kama hiyo kwa ada ya kila mwezi, na kwa mwandishi wa hadithi fupi asiye na kipato kikubwa sioni sababu ya kuilipia. Kumbuka tu kwamba takwimu za Grinder ni ripoti za watu, kwa hiyo jarida lenye ripoti chache haliwezi kuhukumiwa nazo. Angalia pia kama jarida linaruhusu mswada uleule kutumwa kwingine wakati unangoja. Linaloruhusu, tuma kwingine, na ukikubaliwa mahali pamoja waarifu wengine siku hiyohiyo.

Katika faida zinazorudi lazima niitaje Short Mystery Fiction Society, chama kilichoanza mwaka 1996 ambacho uanachama wake ni wa bure. Tangu mwaka 1998 kimekuwa kikitoa tuzo za Derringer kwa hadithi fupi za uhalifu, na zipo katika makundi ya urefu, kuanzia hadithi zisizozidi maneno 1,000. Hadithi iliyotoka kwenye jarida la mtandaoni hushindana na ile iliyochapishwa kwenye karatasi, na mwandishi wa Arua au Jinja hahitaji viza wala nauli ili kazi yake isomwe na wenzake. Kwa tuzo za fasihi, uwazi wa namna hiyo ni adimu, na ninauthamini sana.

Udhaifu mkubwa wa majarida haya ni umri wao. Jarida la mtu mmoja hufa mtu huyo akichoka, na Kampala inalifahamu jambo hili kwa sababu nzito zaidi: Transition, lililoanzishwa hapa na Rajat Neogy mwaka 1961, lilinyamaza baada ya mhariri huyo kutiwa kizuizini mwaka 1968, na lilifufuka Accra miaka michache baadaye. Nakala zake za karatasi zilibaki kwenye maktaba. Jarida la mtandaoni halina bahati hiyo, kwani anwani isipolipiwa hadithi hupotea pamoja na jina lako. Siku hadithi yako inapotoka, iingize anwani ya ukurasa wake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive ili nakala ihifadhiwe, na pia uweke ukurasa mzima kwenye kompyuta yako. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Limebaki suala la lugha. Majarida niliyoyataja husoma Kiingereza tu, ilhali polisi na wanajeshi wa Uganda wametumia Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na mshukiwa huulizwa maswali yake ya kwanza kwa lugha hiyo mara nyingi. Mazungumzo ya kituoni yakiandikwa kwa Kiingereza tupu hupoteza hofu yake. Baadhi ya wahariri wamekubali niziache amri za askari kwa Kiswahili bila tafsiri, na ninawashukuru, lakini hadithi nzima ya Kiswahili haina mlango kwao. Jalada, jarida la mtandaoni la waandishi wa Afrika, lilionyesha mwaka 2016 kwamba inawezekana, lilipochapisha hadithi moja ya Kigikuyu pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo. Kazi hiyo haijafanywa kwa hadithi za uhalifu. Mpaka atokee wa kuifanya, kila mkataba unaotia saini uache haki ya tafsiri mikononi mwako, na toleo la Kiswahili liwe limekwisha kuandikwa na kusahihishwa, tayari kutumwa siku muda wa upekee unapokwisha.