Programu ya Kuchora Bodi za Saketi: Ipi Ulipie, Ipi Uache

Kijana ninayemfundisha kazi alitaka kukopa pesa ili anunue leseni ya programu ya kuchora bodi za saketi. Nilimzuia. Nawe nakuomba usitoe hata shilingi kabla hujaijaribu KiCad.

Hiyo ndiyo naiweka ya kwanza, tena bila kusita. Ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na baadaye CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva, ikachangia kuiendeleza. Ni bure kabisa, inakubali hadi tabaka 32 za shaba, na haihitaji intaneti. Bando likiisha, kazi inaendelea, na faili zako zinabaki kwako. Ukipitisha njia mpya ya umeme katikati ya nyingine, zilizokuwepo zinajisogeza kuipisha. Ukiikaribisha mno na tundu, ukiendesha ukaguzi wake, unakuwekea alama hapo. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha, kwa hiyo usikubali kuuziwa mashine ya wacheza gemu.

Ya pili ni EasyEDA, ambayo unaweza kuitumia moja kwa moja kwenye kivinjari. Vijenzi vingi katika maktaba yake vina namba ya duka la LCSC, na bodi unaiagiza JLCPCB, kiwanda cha kutengeneza bodi, ukiwa humohumo. Kwa mwenye haraka, hapo imeipita KiCad. Ila piga hesabu ya nauli kwanza: bodi ndogo ni za bei rahisi, usafirishaji ndio unaoumiza. Kusanya oda na wenzako.

Proteus naipa nafasi ya tatu, na hii ni ya kulipia. Nguvu yake iko kwenye majaribio: unapakia faili ya HEX, yaani programu uliyoiandika ikiwa katika lugha ya mashine, ndani ya maikrokontrola (chipu inayoiendesha) iliyo kwenye mchoro, na taa inawaka kwenye skrini kabla hujashika chuma cha kulehemu. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 na vifaa vya watu watano, huyo namshauri ailipie. Fundi anayetaka bodi tu, hapana. Zile nakala za wizi zinazozungushwa kwenye flashi, achana nazo. Zinakuja na virusi.

Altium Designer ni nzuri mno, lakini bei yake ni ya makampuni. Mwajiri akiilipia, jifunze kwa bidii. EAGLE, programu nyingine ya kazi hii, usianze nayo: mwaka 2023 Autodesk, kampuni inayoimiliki, ilitangaza kwamba mwisho wake ni Juni 7, 2026.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hakuna programu itakayokuokoa nalo. Niliwahi kuchora bodi ya kupima unyevu wa shamba nikatumia AMS1117, ambayo ni regyuleta, yaani kijenzi cha kudhibiti volti, ila alama ya kwenye mchoro niliiazima kutoka regyuleta nyingine, 7805. Mguu wa kwanza wa 7805 unapokea umeme. Wa AMS1117 ni ardhi (GND). Ukaguzi haukuona kosa, maana njia zilifuata mchoro vilevile. Bodi 10 zikaenda kapuni. Siku hizi nachapisha bodi karatasini kwa ukubwa wake halisi, napanga vijenzi juu yake kimoja kimoja, na kwa kila mguu nasoma datashiti, karatasi ya maelezo ya kijenzi, kwa sauti kabla ya kutuma oda.