Vitabu vitatu kuhusu shule za muziki za Napoli: uzoefu wangu kama mpiga kinanda wa parokia

Nimepiga kinanda kanisani kwa miaka 19. Nilijifunza kwa solfa kama wengi wetu: mwalimu anaandika ubaoni d r m f, tunaimba, anafuta, anaandika tena. Wimbo ulioandikwa naupiga bila shida. Shida yangu ilikuwa pale padre anapochelewa kutoka sakristia na mimi natakiwa kujaza dakika tatu kwa muziki usioandikwa popote. Vidole vilikuwa vinazunguka palepale, do, fa, sol, do, Jumapili baada ya Jumapili. Vitabu ninavyovieleza hapa ndivyo vilivyonitoa kwenye mzunguko huo, na nawaandikia hasa wapiga vinanda na walimu wa kwaya wenzangu.

Nilianza na Child Composers in the Old Conservatories cha Robert Gjerdingen, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 2020. Kinaeleza neno konsavatori, yaani shule ya muziki, lilikotoka. Mji wa Napoli, Italia, ulikuwa na nyumba nne za kutunzia yatima na watoto wa maskini, ya kwanza ikiwa Santa Maria di Loreto ya mwaka 1537, kisha Sant'Onofrio, Pietà dei Turchini na Poveri di Gesù Cristo. Kazi yao ilikuwa kuwahifadhi watoto, na jina lenyewe kwa Kiitaliano linatokana na kuhifadhi. Muziki uliingia baadaye, kama ufundi wa kumpa mtoto riziki, sawa na useremala au ushonaji. Watoto walipelekwa kuimba mazishini na kwenye maandamano ya kanisa, na malipo yakasaidia kuendesha nyumba. Humo ndimo walimotoka akina Pergolesi, Paisiello na Cimarosa, watu ambao opera zao zilichezwa Ulaya nzima.

Ukurasa kwa ukurasa nilikuwa najiuliza: mtoto wa miaka kumi alifundishwaje hadi akaweza kutunga? Jibu ni kwamba hakupewa nadharia ndefu. Alipewa mstari wa besi peke yake, unaoitwa partimento, akaambiwa aketi kwenye kinanda na kujaza sauti za juu papo hapo. Kesho yake anapewa mwingine. Alifanya hivyo kila siku, kwa miaka minane au kumi. Charles Burney, Mwingereza aliyetembelea Sant'Onofrio mwaka 1770, alimkuta mpiga tarumbeta kwenye ngazi za kwanza na mpiga pembe kwenye ngazi za pili. Katika chumba kimoja kulikuwa na vinanda saba au nane, fidla zaidi ya hizo na waimbaji, kila mmoja akipiga lake kwa ufunguo wake, huku wengine wakiandika katikati ya kelele hizo. Niliposoma hapo nilikumbuka ukumbi wetu siku ya mazoezi, sauti ya tatu imejikusanya dirishani na besi wamekaa mlangoni. Nilifarijika sana.

Kitabu hiki kinasomeka vizuri hata kwa asiye mtaalamu, mradi anajua Kiingereza na anasoma nota za mistari mitano. Kinakwenda hadi Konsavatori ya Paris, iliyoanzishwa 1795 na kurithi sehemu kubwa ya mbinu za Napoli. Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nunua hiki.

Lakini kilichobadilisha vidole vyangu ni The Art of Partimento cha Giorgio Sanguinetti, cha mwaka 2012. Hiki si cha kusoma kitandani. Unakiweka juu ya kinanda, unapiga, unakosea, unarudia. Nilikaa wiki tatu kwenye kanuni moja tu, ile wanayoiita kanuni ya oktava: jinsi ya kuvika besi, yaani kuiwekea sauti za juu, inapopanda na kushuka ngazi zote kuanzia do hadi do.

Nitoe mfano. Besi ikipanda kutoka do kwenda re, mimi siku zote niliweka fa na la juu ya re, ikasikika kama imesimama. Wazee wa Napoli juu ya re wanaweka fa, sol na ti. Jaribu leo. Utasikia re haikai, inataka kwenda mi. Na besi ikishuka kutoka sol kwenda fa, wao hawabadilishi kitu juu: sol, ti na re zinabaki palepale, besi peke yake inateremka fa. Inakwaruza kidogo, halafu besi inatua kwenye mi, sol na do zikiwa juu, na kila kitu kinatulia. Mara ya kwanza nilipoipata sawasawa nilikuwa peke yangu kanisani jioni, nikairudia labda mara arobaini. Jumapili iliyofuata mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza kama nimenunua kinanda kipya.

Mazoezi mengi yanayozungumzwa humo ni ya Fedele Fenaroli, aliyefundisha Loreto na kuchapisha kanuni zake mwaka 1775. Hata Verdi, mtunzi mashuhuri wa opera wa Italia, ambaye hakusoma Napoli, aliyapitia mikononi mwa mwalimu wake Vincenzo Lavigna, mwanafunzi wa Fenaroli, baada ya konsavatori ya Milano kumkataa mwaka 1832. Uzuri ni kwamba mazoezi hayo hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure kwenye intaneti. Kitabu kinakupa ufunguo wa kuyafungua.

Cha tatu ni The Solfeggio Tradition cha Nicholas Baragwanath, cha 2020. Hiki ni kizito, na sijakimaliza. Ila kwa sisi watu wa solfa kina jambo linalotuhusu. Watoto wa Napoli hawakuwa na ti. Walikuwa na majina sita tu, do hadi la, na wakipanda ngazi waliimba do re mi fa sol re mi fa. Maana yake kila penye hatua ndogo, yaani nusu toni kama mi hadi fa au ti hadi do, jina ni mi-fa, chini na juu. Sauti ya kwanza ya kwaya yangu ina ugonjwa wa kuimba ti chini kidogo, wimbo unafika mwisho umelegea. Niliwaambia: msiimbe ti do, imbeni mi fa, kama mlivyoimba pale chini. Ti ikapanda mahali pake. Sikuongeza maelezo mengine.

Sasa kuhusu kununua. Ni vitabu vya wasomi na bei yake ni kubwa kweli. Tulichangishana wapiga vinanda watatu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alituletea kimoja kimekunjika jalada na kurasa za mwisho zimelowa, na barua zetu mbili hazikujibiwa, kwa hiyo agizeni kwa mtu anayekubali kurudishiwa. Asiyesoma nota za mistari mitano ajifunze hizo kwanza, la sivyo kitabu cha Sanguinetti kitamkatisha tamaa. Cha Baragwanath naona kiwe cha maktaba ya jimbo au chuo, si cha mtu mmoja.

Kuna kijana wa darasa la sita anayekaa pembeni ya kinanda changu kila mazoezi. Nimemwandikia besi za Fenaroli kwenye daftari, moja kwa wiki. Wiki hii yuko kwenye ya tano, na amenionyesha njia ya kuvika mstari wa mwisho ambayo mimi sikuwa nimeiona.