Uzoefu wangu wa safari ya dau Shimoni: nyota mbili, labda tatu, na hatua za mama juu ya miamba

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu huduma niliyoilipia, kwani nikikosewa huwa nanyamaza na kuhamia kwingine. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Tangu turudi Nairobi, kila ninapojaribu kuwasimulia watu jinsi pomboo walivyotuzunguka, najikuta nimerudi kwenye zile dakika ambapo mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alisimama majini juu ya miamba, mkono mmoja umekamata leso na mwingine umekamata bega la kijana asiyemjua, huku mtu tuliyemlipa atuongoze akitazama saa yake.

Tulinunua safari hiyo ya Shimoni, kijiji kilicho kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika kampuni moja yenye ofisi katikati ya jiji, mwanzoni mwa mwaka huu, kaskazi ikiwa bado inavuma na bahari ikisemekana kuwa tulivu. Bei sitaitaja, maana mwenye haja nayo ataiona kwenye matangazo yao. Nitakachotaja ni fomu. Kabla ya kupokea hata shilingi yangu walinitumia fomu ya maswali, na swali mojawapo liliuliza kama kuna msafiri mwenye shida ya kutembea. Nilijibu kwamba yupo, nikaeleza kuhusu magoti ya mama, nikaongeza kwamba hawezi kuruka, kupanda ngazi ya kamba wala kutembea mahali penye utelezi. Jibu lao lilikuja usiku huohuo kwa simu: «Haina shida kabisa.» Ujumbe huo ninao hadi leo.

Treni kutoka Syokimau ilikuwa nzuri, na gari lililotupokea Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, lilitupitisha barabara ya Dongo Kundu, kwa hiyo kivuko cha Likoni, ambacho mama alikuwa amekingojea kwa hamu tangu alipokivuka akiwa msichana, hatukukiona kabisa. Hilo siwalaumu. Tulilala karibu na Shimoni, na usiku mama alitoka nje kutazama mwezi. Ulichelewa kuchomoza, tena ulikuwa umeanza kumegeka upande mmoja, kwa kuwa siku tatu zilikuwa zimepita tangu uwe mpevu. Nalitaja jambo hili kwa sababu litahitajika mbele.

Asubuhi tulipofika gatini tulimkuta nahodha, mzee mwembamba wa kisiwa cha Wasini mwenye sauti ya chini, akifuta viti vya dau kwa kitambaa. Alimwamkia mama kabla ya kuniamkia mimi, akamchagulia nafasi karibu na tezi ambako chombo hakirukiruki, na akamvisha jaketi la kuokolea maisha mwenyewe, akifunga kila kifungo kana kwamba anamvisha mtoto sare ya shule. Kisha nilimsikia akimwambia msindikizaji wetu, yule kijana aliyesafiri nasi kutoka Nairobi akiwa amevaa fulana ya kampuni, kwamba siku hiyo maji ni ya bamvua na yatakupwa mbali sana mchana, hivyo ingefaa tukae zaidi Kisite, kwenye hifadhi ya bahari, na chakula tukakile saa tisa. Msindikizaji alijibu kwamba ratiba inasema saa saba.

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, ndiyo maana sikubali kuambiwa baadaye kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Kwa haki, saa zilizofuata zilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia. Pomboo walitokea upande wa visiwa vya Mpunguti, kwanza mapezi matatu, kisha kundi zima, na mmoja akapita chini ya dau akiwa amejilaza ubavu, jicho lake likitutazama. Mama alipiga vigelegele, jambo ambalo sijamsikia akilifanya tangu harusi ya dada yangu. Kisite niliingia majini kwa miwani ya kupigia mbizi, nikaona kasa akila bila haraka, wakati mama akibaki chomboni na baharia mmoja aliyekuwa akimwonyesha samaki kupitia maji yaliyokuwa maangavu kama kioo. Huko ndani ya hifadhi uvuvi umekatazwa, na samaki ni kama wanajua, kwa sababu hawamkimbii mtu. Laiti ningeandika maoni yangu saa sita kasorobo ya siku ile, ningewapa nyota zote tano na kuwaombea dua.

Tulielekea kisiwani Wasini kula. Kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyoona kwamba ufuo ulikuwa unarudi nyuma. Pale ambapo picha za matangazo zinaonyesha maji ya buluu yakigusa ngazi za mkahawa palikuwa na uwanda wa miamba ya kahawia, yenye mashimo na majani ya bahari, na ndani ya madimbwi yake kulikuwa na wale viumbe weusi wa miiba mirefu ambao hata mtu asiyejua bahari hahitaji kuelezwa. Dau likasimama. Mbele yetu, kati ya chombo na nchi kavu, kulikuwa na umbali ambao mimi niliukadiria kuwa mita mia moja na hamsini.

Nahodha alipendekeza mambo mawili: ama tusubiri maji yaanze kurudi, ama aite kihori kidogo cha jamaa yake kimvushe mama peke yake hadi mahali pafupi zaidi, kwa malipo kidogo. Nilisema mimi nitalipa. Msindikizaji akasema hapana, chakula kiko mezani, wageni wengine wana njaa, na hakuna fungu la fedha la kihori. Ndipo alipomgeukia mama, akamwita bibi kizee kwa lugha ya mitaani ya Nairobi, akataja na kituo cha basi cha katikati ya jiji, kwa maneno ambayo hayanitoki kichwani: «Shosho, hapa ni baharini, si Kencom. Hatuwezi kukushusha mlangoni.»

Wageni wawili walicheka. Mama hakucheka. Alifunga leso yake juu ya magoti, akavua viatu, akanikabidhi, kisha akamjibu kwa upole, «Hata Kencom hawanishushi mlangoni, mwanangu, lakini hunishusha penye ardhi.»

Aliteremka. Baharia kijana aliruka majini kabla yake, akavua ndara zake za plastiki akamvisha mama, na yeye akaenda miguu mitupu juu ya miamba ileile. «Shika bega langu, mama. Weka mguu nilipoutoa mimi wangu.» Walikwenda hivyo, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba viatu na mikoba, nikitazama maji yakimfika magotini, na goti lake la kushoto likitetemeka kila alipoliegemea. Mara moja aliteleza. Hakuanguka, kijana alimdaka kiunoni, lakini niliona vidole vyake vilivyobadilika rangi kwa jinsi alivyolikamata lile bega. Msindikizaji wakati huo alikuwa keshafika mkahawani, na alikuwa amekaa.

Sasa nieleze kwa nini hasira yangu haiihusu bahari. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa karibu dakika hamsini kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku chache baada ya hapo, huwa ni bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mtoto wa Wasini anayajua hayo bila kufundishwa, na asiyetaka kumuuliza mtoto anaweza kutazama majedwali ya maji yanayotolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Kwa maneno mengine, siku tuliyolipia, ilikuwa inajulikana tangu mwaka uliotangulia kwamba wakati wa chakula cha mchana ule ufuo ungekuwa mkavu. Walikuwa na fomu yangu yenye magoti ya mama upande mmoja, na mwezi upande wa pili, na hapakuwa na mtu aliyeviweka pamoja.

Chakula, nikiri, kilikuwa cha ajabu. Kaa aliletwa mzima pamoja na kigongo cha mti cha kuvunjia magamba, akiwa na tangawizi na ndimu, akafuatiwa na samaki wa kupaka na wali wa nazi ambao hata mama, anayeamini kwamba wali haupikwi vizuri popote ila kwake, aliomba uongezwe. Mpishi alikuja kumpa pole na kumletea maji ya vuguvugu ya kuoshea miguu. Kwa saa nzima ile nilianza kujiambia kwamba labda nimekasirika kupita kiasi. Tulipoondoka saa kumi kasoro, maji yalikuwa yamerudi kiasi kwamba dau lilisogea karibu kabisa na ngazi, na mama akapanda kama anayeingia ndani ya gari. Hapo hasira ikarudi upya, kali kuliko ya kwanza, kwa kuwa niliona kwa macho yangu kwamba saa tisa ya nahodha ingetosha.

Nilikwenda ofisini kwao juma lililofuata. Sikudai fedha. Nilitaka mtu ampigie mama simu amwombe radhi, basi. Dada wa mapokezi alinisikiliza kwa adabu, na nilipomuuliza kama wao huangalia maji kabla ya kuchagua siku ya safari, alinijibu kwamba ndiyo, kila mteja hutengewa chupa mbili. Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Baada ya siku mbili nilipokea ujumbe wa kunishukuru kwa maoni yangu, pamoja na punguzo la asilimia kumi kwa safari nyingine ya baharini.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kutoa nyota mbili. Nilipofika kwa kaa nikafikiria tatu, na bado naona kwamba nahodha, baharia na mpishi wanastahili tano ambazo siwezi kuwapa bila kuipa ile ofisi pia. Lakini nimesoma tena neno «shosho» nililoliandika mwenyewe hapo juu, na nyota imebaki moja. Mwenye wazazi wazee asiwapeleke na watu hawa. Au awapeleke, mradi amtafute nahodha mwenyewe gatini na kumsikiliza yeye.

Mama, ambaye hajui kwamba naandika haya, amekwisha kumsikiliza. Kumbe siku ile alichukua namba yake ya simu, na jana nilimkuta jikoni amesimama mbele ya kalenda, kalamu mkononi, akihesabu siku kutoka mwezi mwandamo. Nahodha amemwambia aje siku ya saba au ya nane baada ya mwezi kuandama, wakati wa maji mafu. Ameniuliza kama siku hiyo nitaweza kuomba ruhusa kazini.